Pima injini kwanza, plaiwudi baadaye

Kwako Mhariri,

Majuma mawili yaliyopita ulichapisha barua fupi ya msomaji wa Umoja aliyerithi injini ya mashua kutoka kwa marehemu babake, ile ya zamani ya kupachikwa nyuma na kuwashwa kwa kamba. Aliuliza aiundie mashua ya aina gani kwa mikono yake mwenyewe. Juma lililofuata msomaji mwingine akamjibu kwa mistari minne: aiuze kwa wanaonunua vyuma kwa kilo, kisha atafute injini mpya ya Kijapani na boti ya faiba. Nililisoma jibu hilo nikaweka kikombe cha chai chini. Nimeishi na injini kama hiyo tangu utotoni, na nimeiundia mashua mbili, moja ya aibu na moja ya raha. Naomba nafasi nimjibu bwana wa Umoja. Ikikulazimu kupunguza barua hii, punguza hadithi zangu lakini vipimo uniachie.

Mimi ni fundi mbao, sasa nimestaafu. Nilizaliwa Makina, Kibera, na kwa zaidi ya miaka thelathini nilitengeneza vitanda na makabati kando ya Barabara ya Ngong, pale fanicha zinapopangwa nje zikisubiri wenye magari. Baba alikuwa mtunza mashua katika Bwawa la Nairobi. Kijana wa leo akisikia hivyo atacheka. Akipita upande wa Lang'ata anaona uwanda wa kijani, gugu maji limetanda juu ya matope na maji taka. Lakini bwawa hilo lilipojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa kuyazuia maji ya mto Motoine, lilikuwa maji ya kweli, na nilipokuwa mtoto tulikaa mtelemkoni upande wetu kila Jumapili tukihesabu matanga meupe. Baba alizipaka mashua za watu vanishi, akazivuta nchi kavu jioni, na upepo ukipindua chombo yeye ndiye aliyetumwa na mashua ya uokozi. Injini ya mashua hiyo ndiyo hii niliyo nayo. Mwenye injini alipofunga safari ya kurudi kwao Uingereza alimwachia baba ndani ya gunia la kahawa, pamoja na makopo mawili ya oili.

Ni British Seagull. Nyumbani tuliiita Shakwe, na mpaka leo wajukuu wangu wanajua Shakwe ni chuma kinachokaa chini ya kitanda cha babu. Kwa jinsi bwana wa Umoja alivyoieleza ya kwake, tangi la shaba, nguzo nyembamba kama bomba la maji, gurudumu lililo wazi juu lenye mfereji wa kuzungushia kamba, naona ni ndugu ya yangu. Zilianza kutengenezwa mwaka 1931 huko Wolverhampton, baadaye kazi ikahamia Poole, pwani ya kusini ya Uingereza, na zikaendelea kutoka hadi miaka ya 1990 karibu bila kubadilika sura. Namba iliyogongwa kwenye kikasha cha krenki humwambia mwenye kujua kuisoma ni injini ya aina gani na ni ya lini. Yangu ni ya 1964. Asije akaisugua namba hiyo kwa msasa akidhani ni kutu.

Kabla hajanunua hata msumari, aelewe kwamba injini hiyo haikuundwa kwa mbio. Ina silinda moja tu. Chini kabisa, majini, kuna gia zinazopunguza mzunguko ili rafadha, yaani lile panga linalosukuma maji, kubwa kama sahani, izunguke polepole na kwa nguvu. Injini za mbio zina rafadha ndogo inayozunguka kwa kasi. Ile ya kwanza ni punda wa mkokoteni wa maji, hii ya pili ni farasi wa pale uwanja wa mashindano wa Ngong. Yangu ina nguvu za farasi 3 hivi, na punda huyo atasukuma mzigo ambao ukiutazama utamhurumia, mradi usimwombe akimbie. Ubaya wote wa mashua yangu ya kwanza ulitokana na kumwomba akimbie.

Ilikuwa 1998, baada ya mvua za El Niño. Bwawa letu lilikuwa limekwisha kufa, nami nikaamua kumpeleka Shakwe Naivasha. Nilifanya kile ambacho fundi wa makabati angefanya: nikaanza na plaiwudi. Plaiwudi ina urefu wa sentimita 244 na upana wa 122, basi mashua nayo ikawa na urefu wa 244 na upana wa 122, chini bapa kama meza, nyuma mraba. Sura yake nilikuwa nimeitoa kwenye kalenda iliyokuwa na picha ya boti ya faiba, pua juu, povu nyuma. Kuta nikazipa sentimita 50, sikumbuki kwa nini, nadhani ndicho kipimo ambacho mkono wangu ulikizoea. Nikaipaka rangi ya samawati. Majirani walikuja kuitazama wakaisifu, na mmoja akauliza milango ninaitia lini.

Tulipofika ufuo wa Kamere tulikuwa watatu. Nikampachika Shakwe, nikavuta kamba, akawaka, akanguruma kama kinu cha posho kisicho na mahindi. Mashua haikwenda popote. Ubao wa nyuma ulikuwa mrefu mno kwa nguzo yake, kwa hiyo rafadha ilikula nusu maji nusu hewa. Wavuvi waliacha nyavu wakatutazama. Nikaazima msumeno, nikakata pengo la sentimita 12 kwenye ubao ule palepale, na fundi mwenzangu yeyote anajua uchungu wa kukata kazi uliyokwisha kuipaka rangi mbele ya watu wasiokujua. Sasa ikaenda. Ikainua pua, ikakalisha makalio, ikaburuta nyuma yake kilima cha maji. Kila nilipoongeza mafuta kilima kilikua na makalio yakazidi kuzama, mpaka maji yakaanza kuingia kupitia lile pengo. Ufukoni kulikuwa na mtoto aliyebeba mtungi wa maji mgongoni. Tulikwenda naye sambamba kwa muda, kisha akatupita.

Nilikuja kuelewa sababu yake baadaye sana. Mashua inayokwenda ikiwa imezama majini hujitengenezea wimbi, na kadiri inavyoongeza mwendo ndivyo wimbi hilo linavyorefuka. Wimbi likifikia urefu wa mashua yenyewe, omo, yaani pua ya mashua, inakuwa juu ya kilele kimoja, shetri, yaani nyuma yake, iko karibu na kingine, na chombo kimekaa katika bonde lake chenyewe kikijaribu kupanda mlima unaotembea nacho. Hapo hata ukiongeza moto unapata kelele tu. Mpaka huo unahesabika. Chukua urefu wa mashua pale inapogusa maji, kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5. Jibu ni kilomita kwa saa. Kabati langu liligusa maji kwa mita 2.25 hivi, kipeuo chake ni 1.5, jibu ni kilomita 6 na robo tatu. Huo ni mwendo wa mtu anayekimbilia matatu ya mwisho, na tena tusingeufikia na mzigo ule. Mashua ya mita 4 majini ina kipeuo cha 2, kwa hiyo mpaka wake ni kilomita 9. Injini ni ileile na petroli ni ileile, ila umeongeza urefu wa mbao.

Kuna njia ya kuukiuka mpaka huo, nayo ni ile ya picha ya kalenda: mashua iruke juu ya maji iteleze kama jiwe bapa lililorushwa. Lakini hapo unahitaji nguvu ya farasi mmoja kwa kila kilo 20 hivi za chombo na vilivyomo. Mimi, mwanangu, mashua na injini tunakaribia kilo 240. Hesabu inataka farasi kumi na wawili, nami nina punda wa nguvu tatu. Kwa mwendo wa kuzama na kusukuma, kwa upande mwingine, farasi mmoja anatosha kwa kilo mia mbili na ushee. Ndiyo maana namwambia bwana wa Umoja kwamba boti za faiba pana zenye nyuma bapa zinazopigwa picha mitandaoni zisimvute macho. Hazimfai Shakwe kwa sababu zimeundwa kwa mwendo ambao hataufikia, na chini ya mwendo huo zinaburuta maji kuliko hata sanduku.

Aliyenifumbua macho kuhusu nyuma ni mjomba wa mke wangu, mwenyeji wa Matondoni, Lamu, ambako bado wanaunda majahazi kwa shoka na tezo. Tulikwenda arusini, nami nikambebea picha ya mashua yangu nikitaraji pongezi, maana ilikuwa na viungo safi sana. Nikamwamkia shikamoo, nikampa. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiki hukaa nguo?" Kisha akanishika mkono akanipeleka chini ya chombo kilichokuwa kikiundwa, akaniwekea kiganja changu kwenye tumbo la mbao karibu na shetri, akanivuta nitembee nacho kuelekea nyuma. Mbao zilipanda. Kwenye mwisho wa chombo kiganja changu kilikuwa juu kuliko kiuno. "Omo huyafungulia maji," akasema, "na shetri huyafunga. Wewe umefungua mlango, ukasahau kuufunga. Maji yote yanakufuata nyuma yakikushika kanzu."

Kwa hiyo mashua ya pili niliianza nyuma. Tumbo lake limepinda kwa urefu kama ndizi changa, na ukingo wa chini wa ubao wa shetri unasimama sentimita chache juu ya maji mashua ikiwa imepakiwa. Bwana wa Umoja akisahau kila kitu katika barua hii, ashike hilo: mashua ikiwa majini na watu wake, ubao wa nyuma usiloweke makalio. Urefu wote ni mita 4.4, majini mita 4. Upana majini ni kama mita 1, juu kwenye kingo ni 1.25. Nyembamba zaidi ya hapo ingekwenda vizuri zaidi, lakini sisi si watu wa ngalawa, hatuna mbao za pembeni za kutushika, na Naivasha ina viboko. Sitaki chombo kinachoyumba nikikohoa.

Plaiwudi ni nne za milimita 6. Kwa kuwa plaiwudi moja haifiki, niliziunga mbili mbili kwa kiungo cha mteremko, mara nane ya unene, yaani mteremko wa milimita 48, gundi ya epoksi katikati na vibano usiku kucha. Halafu nikazishona. Najua neno hilo linashangaza, lakini ndivyo ilivyo: unatoboa matundu kwenye kingo za mbao, unapitisha vipande vya waya wa shaba, unakaza kwa koleo, mashua inasimama yenyewe kama nguo ya fundi cherehani, kisha unajaza pembe kwa epoksi na kubandika ukanda wa kitambaa cha faiba. Waingereza waliieneza njia hii miaka ya 1960 kwa mashua ndogo iitwayo Mirror, ya mita 3.3, na zikaundwa zaidi ya elfu sabini. Nilipomweleza mjomba alicheka sana, akasema kwao walishona mitepe kwa kamba za makumbi kabla ya hao Waingereza kujua njia ya kuja.

Plaiwudi yenyewe usiamini mhuri. Omba kipande kidogo dukani, kichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa, kiache kipoe, kichemshe tena. Cha kwanza nilichochemsha kilifunguka tabaka tabaka kama kitunguu. Cha tatu kilibaki kimoja. Mke wangu alisema nimekwisha kuharibu sufuria ya pilau, na ni kweli harufu ilibaki hadi Idi.

Baada ya hapo niliipima mashua nzima kwenye mizani ya muuza makaa, ikaja kilo 48. Hilo si jambo la kujivunia tu. Mimi nakaa Nairobi na maji yako kilomita tisini kutoka hapa, kwa hiyo mashua yangu hutumia muda mwingi juu ya Probox kuliko juu ya ziwa. Watu wawili waweze kuipandisha kwenye keria bila kuita vijana wa stendi. Probox ina mita 4.2, mashua imeizidi kwa shubiri. Kama ningeishi Kisumu au Kilifi ningeunda ndefu zaidi na nzito zaidi kwa mbao za kweli, wala nisingekuwa na neno.

Sasa vipimo vya injini, ambavyo nilipaswa kuvijua kabla ya kuazima msumeno wa watu. Injini hizi kwa desturi huja kwa nguzo mbili: fupi, inayotaka ubao wa shetri wa sentimita 38, na ndefu, inayotaka 51. Pima kutoka pale kibano kinapokalia ubao mpaka chini ya mashua, na hakikisha rafadha yote iko chini ya tumbo kabisa, katika maji ambayo hayajavurugwa. Shakwe ni wa nguzo fupi. Kwa kuwa sentimita 38 ni chini mno kwa usalama wa nyuma, nilijenga ndani kidogo ya shetri ukuta wa pili mrefu, kama kisanduku, ili wimbi likiruka ubao wa injini liingie kwenye kisanduku na kutoka kwa matundu mawili, lisije kwenye miguu yetu. Ubao wenyewe nimeupa unene wa sentimita 4, tabaka za plaiwudi zilizogandishwa pamoja, kwa sababu injini ya silinda moja hutetemeka kama mtu mwenye malaria. Safari yetu ya pili vibano vililegea kwa mtetemo huo, na Shakwe akang'oka akaenda majini mzima mzima akiwa bado anawaka. Nilikuwa nimemfunga kamba. Asipoifunga ya kwake, hakuna mzamiaji atakayeitafuta katika matope ya Naivasha.

Uzito wa nyuma ndio adui wa mashua nyembamba. Injini iko nyuma, na mwendeshaji mwenye tumbo kama langu naye akikaa nyuma ashike mkono wa usukani, lile shetri ulilohangaika kuliinua linazama tena. Dawa yake iligharimu pesa za soda: bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, urefu wa mita moja na ushee, nikalichomeka kwenye mkono wa usukani. Sasa nakaa katikati ya mashua. Mafuta kwenye Seagull yanashikwa na kijiti kidogo kwenye mkono huo, unakiweka mahali pake na kinakaa, kwa hiyo bomba linatosha kugeuza. Siku nilipolitia bomba hilo simu ya mwanangu ilisoma kilomita 8 na nukta nne kwa saa, tukiwa wawili na kikapu cha chakula. Tuliwapita wenye mitungi wote.

Tena usipange viti kabla hujaivuta injini. Kamba yake ina fundo, unaizungusha kwenye gurudumu, unavuta kwa kishindo na kamba yote inatoka mkononi mwako na kuruka mbele. Anayekaa nyuma ya kiwiko chako atapigwa kiwiko, na anayekaa mbele atapigwa fundo. Gurudumu liko wazi likizunguka, kwa hiyo mikono mipana ya kanzu, buibui na mitandio ikae mbali. Mimi niliondoa kiti cha nyuma kabisa. Na ya kwangu haina klachi wala ya kurudi nyuma: ikiwaka, mmekwenda. Elekeza omo kwenye maji wazi kwanza, kisha vuta. Ukirudi ufukoni unaizima mbali kidogo na kumalizia kwa kafi, kwa hiyo mashua sharti iwe nyepesi kupigwa kafi. Kabati langu lilipopigwa kafi lilizunguka mahali pamoja.

Jambo moja linawahusu watu wa bara peke yao. Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini iliyopangwa kwa usawa wa bahari hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Farasi wangu watatu huko ni wawili na kidogo. Tena, kwa kuwa hewa imepungua na petroli haijapungua, moshi unakuwa mweusi na plagi inalowa. Nilishusha sindano ya kabureta kidogo, akatulia. Huko ndiko mtu anakotambua thamani ya mashua nyepesi inayoteleza, kwa kuwa hakuna nguvu ya kuchezea.

Lakini yote hayo ni bure kama injini imekufa, na wengi huzidhania zimekufa kumbe zimelala. Ifunge kwenye pipa la lita 200 lililojaa maji, usiiwashe kamwe pakavu kwa kuwa hupozwa na maji. Safisha pointi za kutoa cheche chini ya gurudumu, mwanya wake nusu milimita. Kondensa ya Shakwe ilikuwa imeoza, nikapata ya kufanana nayo Kirinyaga Road, kwa mzee anayeuza vitu ambavyo hata yeye hajui vilitoka gari gani. Jioni hiyo Makina yote ilijaa moshi na mwenye nyumba jirani akatuma mtoto aulize kama tunaungua.

Moshi huo ndio neno baya pekee nitakalolisema juu yake. Injini za enzi hizo zinataka lita moja ya oili kwa lita kumi za petroli, kwa sababu krenki yake huzunguka kwenye vikombe vya shaba nyeusi visivyo na beringi, na ukipunguza oili bila kubadilisha vinavyohusika unaviua. Sehemu ya mchanganyiko huo hutoka bila kuungua na kubaki juu ya maji ikimeta rangi za upinde wa mvua. Naivasha imo katika orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya kulinda ardhi oevu, tangu 1995. Siwezi kujifanya sijui. Nimejiwekea mara sita kwa mwaka, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, katikati tunapiga kafi au tunavua. Aliyemshauri bwana wa Umoja auze vyuma angetumia hoja hii ningemsikiliza. Yeye alisema tu kwamba ni ya zamani.

Kabla ya kushusha majini, mashua ikaguliwe na kupata leseni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA), na jaketi za kuokoa maisha ziwe za idadi ya watu, watoto wakiwa na za watoto. Tokeni alfajiri. Alasiri upepo wa Naivasha huamka ghafla, na mashua ya sentimita 38 nyuma haina la kujibu. Kaeni mbali na mafunjo, ndiko viboko wanakojificha, na kwa kilomita 8 kwa saa usidhani utamkimbia.

Bwana wa Umoja hakutaja urefu wa nguzo ya injini yake, wala kama ina klachi, wala idadi ya watu anaotaka kuwabeba. Hata mimi bila hayo nabahatisha. Basi achukue futi, apime kutoka kwenye kibano hadi katikati ya rafadha, aandike na namba ya krenki, na akutumie tena, Mhariri. Plaiwudi asinunue kwanza.

Fundi Mbao Mstaafu,
Makina, Kibera,
Nairobi